Kodi ya Ekari Sita za Mawe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivi si kwa kujigamba, ingawa mke wangu akisoma hapa atacheka. Nilifika Sydney na sanduku moja lenye zipu iliyokufa na cheti cha darasa la saba, ambacho mpaka leo hakuna mtu bara hili zima aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Sasa nina malori sita ya kuhamisha watu nyumba. Sita. Yameegeshwa kwenye yadi yangu kule Minto, yameandikwa jina langu ubavuni kwa herufi kubwa kuliko inavyohitajika. Mtu aliyehamisha watu nyumba kwa miaka ishirini na mitatu ameona kila kitu. Nimebeba piano mpaka ghorofa ya nne, mwenye piano akanipokea mlangoni akaniambia amebadilisha mawazo. Nimehamisha mume asubuhi na mke jioni, kutoka nyumba ileile, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenzake alikohamia. Nimebeba jeneza ambalo bibi mmoja alikuwa akihifadhia blanketi zake za baridi. Kwa hiyo, tafadhali.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, watu walikuja nyumbani kwangu Rooty Hill kuulizia habari za binti yangu. Kijana aliyemtaka ni nesi kama yeye, wamekutana kazini, na watu wake ni wa kwetu kabisa, wa Mlima Kenya. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Blacktown, mtu ambaye hata akikuomba chumvi unahisi anahutubia gwaride la asubuhi. Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimechinjisha mbuzi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha ngozi, kile kinacholala nyuma ukibonyeza kitufe, nikingoja niombwe binti ili nianze kuwa mgumu. Baba yeyote wa kwetu huingoja siku hiyo tangu mtoto akiwa kwenye nepi.

Mwalimu akanywa chai, akafuta midomo, akasema, "Ndugu yetu, nyumba nzuri. Chai nzuri. Lakini kabla hatujasema lililotuleta, tusaidie kidogo. Mahari ya mama yake huyu binti ulimaliza kuilipa mwaka gani?"

Nilitazama mbuzi. Mbuzi naye, kwenye sinia, alikuwa ameanza kupoa.

Kwa wale waliokulia kwenye maghorofa, wacha niwaeleze. Kwetu mwanamume hawezi kupokea mahari ya binti yake kama hajalipa ya mke wake. Si kwamba anapigwa faini au anapunguziwa mbuzi. Hapokei kabisa, hana kiti. Mbele ya wazee ni kama mtu anayeuza gari ambalo bado ni la mwenye duka. Na mimi, kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, nilikuwa sijalipa hata kikombe cha asali.

"Tutarudi ukiwa tayari," mwalimu akasema. "Nyanya wa kijana yuko hai, na ameshasema hatabariki kitu kisicho na msingi. Na kijana hataoa bila nyanya yake." Wakala mbuzi wangu mzima, wakaenda.

Binti yangu alijifungia bafuni. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kutukana dereva mwenzako barabarani, lakini majibu yake ni ya Kiingereza tangu akiwa na miaka mitano. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, kupitia mlangoni. "Baba, ulijisifu kwa watu wote. Hili ulisahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilijaribu kulipa, nikafukuzwa.

Mke wangu ni mzaliwa wa hapa, na baba yake pia, lakini mzee husema yeye ni Mwairishi, kama vile meli iliyowaleta imetia nanga wiki jana. Nilipotaka kumwoa binti yake nilikwenda kwake Penrith nimevaa koti la kuazima, nikiwa na bahasha yenye dola elfu mbili. Ndiyo ilikuwa akiba yangu yote duniani. Nilikuwa pia na blanketi la mama mkwe, Mungu amrehemu, ambalo yeye alilipokea na kunishukuru. Mzee aliangalia bahasha kama mtu aliyeletewa panya na paka wake.

"Binti yangu si mtamba," aliniambia. "Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kupimwa kwa ng'ombe. Sisi tulikuwa watu wenye ardhi." Akanionyesha picha iliyoning'inia sebuleni. Ilikuwa picha ya zamani ya nyumba ya mawe, kubwa kama bweni la shule, yenye madirisha kumi na manane. Niliyahesabu, kwa sababu nilihitaji kutazama kitu chochote ambacho si uso wake. "Hapo ndipo tulipotoka," akasema.

Nilirudi na bahasha yangu. Kwa miaka mingi nikawaambia Wakenya wenzangu wa Blacktown kwamba mimi ndiye mwanamume pekee wa kwetu aliyepata mke bure, tena mzungu. Walicheka, na mimi nilicheka kuliko wao. Ile habari ya kufukuzwa niliiacha palepale Penrith.

Kosa langu la pili lilikuwa kumsimulia mzee habari za babu yangu. Babu alikuwa skwota kwenye shamba la mzungu kule Bonde la Ufa. Yaani aliruhusiwa kulima kipande na kufuga mbuzi wachache, na kama malipo yake alimfanyia mwenye shamba kazi siku nyingi za mwaka kuliko alizobaki nazo. Tangu nilipomweleza hayo, mzee hakuwahi kuniacha. Kila Krismasi, akishakunywa glasi ya tatu, alinyanyua mkono na kusema: "Meti," kwa maana hivyo ndivyo wanavyoitana wote hapa, "ninyi mlilima shamba la mtu, sisi tulikuwa wenye shamba, lakini mbele ya Mungu tuko sawa." Ukarimu ulioje. Nilihamisha fanicha yake mara mbili bila kumtoza hata senti, na mara zote mbili ile picha ya nyumba niliibeba mimi mwenyewe, nimeifunga blanketi kama mtoto mchanga.

Sasa nikapanga mipango. Mimi elimu sina, lakini mtu namsoma. Mzee alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na kitu alichokipenda kuliko kitu chochote kilikuwa ukoo wake. Nikasema: nitampa zawadi. Nitamtafutia historia yote, nimwekee nyumba yake ya mawe kwenye kitabu chenye jalada gumu. Moyo wake utalainika, atapokea mahari, nami nitarudi kwenye kiti changu cha ngozi. Binti yangu akapata kwenye mtandao mtafiti mmoja, mwanamke anayeishi kulekule Ireland, ambaye kazi yake ni kufukua daftari za zamani. Nilipotoa pochi, mke wangu alikuwa ameshalipa kwa kadi yake. "Hao ni babu zangu," akasema. "Wa kwako utalipia wewe." Haya.

Wiki sita baadaye majibu yakaja. Tulikusanyika kwenye meza ya jikoni watu watatu, binti yangu akisoma kwenye kompyuta, mke wangu akimenya machungwa, na mimi nikiwa nimesimama, kwa sababu habari za mabwana wakubwa husikilizwa umesimama.

Ile nyumba ya mawe ilikuwepo kweli. Mtafiti aliipata mara moja. Ilikuwa ya mwenye ardhi. Watu wa mkwe wangu waliijua vizuri sana, kwa sababu mara mbili kila mwaka walifika hapo kupeleka kodi, kwa mlango wa jikoni, kofia mkononi. Wao wenyewe walikuwa wapangaji. Walikodi ekari sita za mawe upande wa magharibi, karibu na bahari, mahali ambapo hata udongo haukuwepo. Udongo waliutengeneza wenyewe. Walibeba mwani na mchanga kwa vikapu mgongoni, wanaume kwa wanawake, wakamwaga juu ya mawe mwaka baada ya mwaka mpaka viazi vikakubali kuota. Kisha mnyapara wa mwenye ardhi akapita, akaona udongo umenawiri, akapandisha kodi.

Nilicheka mpaka nikashika friji. "Skwota!" nikapiga meza. "Mzee ni skwota! Miaka ishirini na sita ya Krismasi, kumbe skwota mwenzangu!"

"Umemaliza?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameacha kumenya chungwa.

Binti yangu akaendelea kusoma. Kulikuwa na barua. Ilikuwa kwenye makaratasi ya mwenye ardhi, imeandikwa na padri kwa niaba ya mpangaji ambaye hakujua kuandika. Mpangaji huyo ndiye aliyemzaa mama wa babu yake mkwe wangu. Barua iliomba kitu kimoja tu. Familia ilikuwa na deni la kodi, na mnyapara alikuwa amekuja akachukua ng'ombe. Lakini ng'ombe yule, padri aliandika, alikuwa tayari ni wa msichana. Kumbe kwao baba wa binti ndiye hutoa, humpa binti ng'ombe aende naye kwa mume. Uchumba ulikuwa umeshakubaliwa kwa ng'ombe yule. Pasipo ng'ombe, upande wa kijana ungejitoa. Tafadhali, bwana, mrudishe ng'ombe, na deni litalipwa baada ya mavuno. Chini ya barua kulikuwa na alama ya msalaba, mahali pa sahihi.

Babu yangu alipoandikwa kazi kwenye shamba la mzungu aliweka kidole gumba. Karatasi yenyewe niliiona nikiwa mtoto. Sijui kwa nini nilikaa chini wakati huo, lakini nilikaa.

Ng'ombe hakurudishwa. Daftari la kodi lilisema hivyo kwa mstari mmoja: ng'ombe amechukuliwa, deni linalobaki ni pauni tano, shilingi kumi na mbili na peni sita, familia imeondolewa, nyumba imebomolewa. Na kwenye orodha ya abiria wa meli ya Sydney, mwaka uliofuata, kulikuwa na msichana peke yake, kazi yake imeandikwa mtumishi wa ndani. Ndiye aliyeleta ukoo mzima huku. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema kwa nini.

"Babu hawezi kusoma hii," binti yangu akasema. Kwa Kiswahili tena. Nikajua mambo ni mabaya.

Alisema kweli. Nilikuwa nimepanga kumlainisha mzee, na mkononi nilikuwa na jiwe la kumpiga nalo. Akisoma kwamba nyumba yake ya madirisha kumi na manane ni ya mtu aliyewafukuza, hatapokea mahari, hatapokea simu, na binti yangu ataendelea kuchumbiwa mpaka azeeke. Nikamwandikia mtafiti, nikamuuliza kwa heshima kama anaweza kuongeza cheo kidogo tu, si lazima kiwe kikubwa, hata binamu wa mwenye ardhi ingetosha. Akajibu kwamba yeye hafanyi kazi ya namna hiyo. Watu wengine wana msimamo kwenye mambo ambayo wangeweza kuyalegeza.

"Usipompelekea wewe nitampelekea mimi," mke wangu akaniambia. "Na nitamwambia ulicheka."

Kwa hiyo nikaenda Penrith. Nilimkuta mzee kwenye baraza ya nyuma akinywesha maji nyanya zake, nikampa bahasha, nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyasahau yote. Alivaa miwani, akasoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpira wa maji aliuacha ukimwagika kwenye nyasi, na huyu ni mtu anayezima bomba wakati anapiga mswaki.

Alipofika kwenye barua alisoma mara mbili. Akaweka kidole juu ya ile alama ya msalaba.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nimejua juzi."

"Ulicheka?"

Mke wangu alikuwa ameshampigia simu, nina hakika. "Kidogo," nikasema.

"Mimi ningecheka sana," akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza kitu kuhusu babu yangu ambacho hakikuwa mzaha. "Babu yako, yule wa shamba. Waliwaondoa?"

"Waliwaondoa. Nyumba wakaichoma."

"Yetu waliibomoa."

"Nimeona."

"Ipi mbaya zaidi?"

"Ya kuchoma ni haraka," nikasema. "Ya kubomoa unabaki na mawe."

Alitoa sauti ambayo kwa mtu mwingine ningeiita kicheko. Akainuka, akazima bomba, akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kiti. Aliporudi alikuwa ameibeba ile picha, akaiegemeza ukutani karibu na pipa la takataka, uso umeelekea ukuta.

"Huyo msichana alivuka bahari kwa sababu ya ng'ombe mmoja," akasema. "Na mimi nikakwambia kwetu mambo ya ng'ombe hayapo. Waite watu wako, meti. Jumamosi."

Jumamosi tukaenda. Mwalimu alikubali kuwa msemaji wangu, ingawa yeye ni upande wa pili, kwa kuwa Sydney nzima hakuna mwingine mwenye koti la kazi hiyo. Mimi nilikwenda na lori, lile jipya, nikaliegesha mbele ya nyumba ili majirani wasome. Kwenye mfuko nilikuwa na dola elfu kumi na mbili, noti za mia tupu, mpya. Nilishapiga hesabu: mzee ataanza na ishirini, mwalimu atamshusha, tutafungia kumi na mbili, na kufika jioni Blacktown yote itakuwa inajua nimelipa kiasi gani. Miaka ishirini na sita ya kuambiwa nimepata mke bure. Niliwadai hao watu jambo kubwa.

Binti yangu alikuwa amemfundisha babu yake utaratibu. Tulimkuta amevaa tai, amekaa wima, karatasi zile mapajani. Mwalimu akasimama, akasema kwa Kiingereza chake cha gwaride kwamba tumechelewa, tunajua tumechelewa, lakini mtu aliyechelewa na akafika amefika. Akaomba mzee ataje anachokitaka.

Mzee hakufikiria. "Pauni tano, shilingi kumi na mbili na peni sita."

Mwalimu akaniinamia, akanong'ona, "Huyu anatutukana ama anatania?"

"Sijui," nikasema. Neno hilo nilikuwa sijalitumia hadharani kwa muda mrefu.

"Hilo ni deni letu," mzee akasema. "Baba yake alishindwa kulipa, ndiyo msichana akapoteza ng'ombe. Lipeni hilo. Sitaki zaidi."

Mwalimu, kwa mazoea tu, hakuweza kujizuia. "Mzee wetu, tunakushukuru sana, lakini hali ya maisha ni ngumu. Tupunguzie kidogo."

"Hata nusu peni sipunguzi."

Mimi nikasimama. Nikamwambia hiyo ni pesa ya zamani, kwa thamani ya leo ni mamia, pengine maelfu, nipo tayari, hizi hapa. Nikafungua mfuko ili aone. Alitazama noti zangu kwa sura ileile ya miaka ishirini na sita iliyopita, nami nikahisi koti la kuazima limenirudi mabegani.

"Siku Australia ilipobadilisha pesa nilikuwa dukani, nyuma ya kaunta," akasema. "Pauni moja ilikuwa dola mbili. Nilibadilisha mwenyewe, siku nzima. Wewe ndiwe utakayenifundisha?" Akachukua kalamu ya mfukoni, akapiga hesabu pembeni ya karatasi, akamwonyesha mwalimu. Mwalimu akaikagua, kwa sababu ni mwalimu, akasema ni sahihi.

"Na sina chenji," mzee akaongeza.

Noti zangu zote zilikuwa za mia. Mwalimu alikuwa na kadi. Mke wangu alikuwa na pesa kwenye mkoba, niliona kabisa, lakini alikunja mikono. Nikatoka nje, mtu mwenye malori sita, nikapanda kwenye lori langu, nikaanza kukusanya sarafu za kuegeshea kwenye kile kishimo cha kikombe. Za dola mbili, za dola moja, za senti ishirini. Zilipungua senti tano. Nikapiga magoti kwenye nyasi za mkwe wangu, kwa suti, nikaingiza mkono chini ya kiti cha dereva, na majirani waliokuwa wakisoma jina langu ubavuni wakapata nafasi ya kulilinganisha na mwenye jina. Sarafu ya senti tano niliipata imeshikana na pipi.

Nilipoingia mzee alikuwa amefungua kiganja. Nilimhesabia moja moja. Ile yenye pipi aliifuta na kitambaa chake. Kisha akachukua ile karatasi ya daftari la kodi, mahali palipoandikwa deni linalobaki, na pembeni yake akaandika neno moja: limelipwa. Akanipa kalamu nishuhudie. Niliweka sahihi yangu ndefu, jina lote kama lilivyo kwenye malori.

Mwalimu akakohoa. "Sasa," akaniambia, "Jumapili ijayo tunakuja Rooty Hill. Kaa kwenye kiti chako. Na mbuzi awe mkubwa."

Binti yangu alikuwa amemkumbatia babu yake shingoni, tai imeenda upande. Nyumbani nilirudi na elfu zangu kumi na mbili zote, hazijaguswa. Na wale watu wa Blacktown waliokuwa wakisema nimepata mke bure, wasirudie tena. Nimelipa. Karatasi ninayo, wakitaka waje waisome: dola kumi na moja na senti ishirini na tano.